Majina Aliyoandika Simeon

Chupa ya kwanza ya rangi ya kucha, Simeon Kiplimo aliichukua bila kuomba. Hulda mkewe alikuwa ameinunua kwa ajili ya harusi ya dadake, nyekundu iliyokolea, na asubuhi ya harusi aliikuta juu ya meza ya kazi ya mumewe, kifuniko kiko wazi, brashi imekauka. Mgongoni mwa televisheni kuukuu palikuwa pameandikwa kwa herufi nyekundu: MZEE TANUI, MACHI 2015.

"Baba Sharon, hii ni nini?"

"Kalamu ya wino inafutika. Hii haitoki hata kwa petroli."

"Na kucha zangu?"

"Kucha zako ziko sawa tu vile Mungu alizifanya."

Hulda alienda harusini na kucha zake vile zilivyo. Kwa miaka mingi baadaye alisimulia kisa hicho kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa, na kila mara walicheka. Simeon naye alipoishiwa rangi alianza kumtuma dukani: "Niletee kachupa kamoja, lakini nyekundu." Muuza duka alidhani Hulda ni mwanamke anayejipenda sana.

Simeon alikuwa fundi wa redio na televisheni pale Huruma, kibanda cha mabati ubavuni mwa posho mili, hivi kwamba kila kitu alichokitengeneza kilirudi kwa mwenyewe kikiwa na vumbi jeupe la unga. Alizaliwa upande wa Moiben, mtoto wa mkulima wa mahindi. Akiwa darasa la tano aliifungua redio ya babake kutafuta mahali sauti inapokaa. Alichapwa, akakaa nayo siku mbili nyuma ya ghala, akaifunga ikiwa inasema vizuri kuliko mwanzo. Baba mtu hakumsifu, lakini tangu siku hiyo jirani yeyote aliyekuwa na redio bubu alielekezwa kwake. Alisoma hadi kidato cha nne, karo ya kuendelea haikupatikana, akaja mjini.

Kilichomfanya ajulikane Huruma hakikuwa ufundi tu, maana mafundi ni wengi. Ni kwamba hakuwa mtu wa kukuzungusha. Mafundi wengine wangekwambia uache kifaa, urudi Jumatatu, urudi tena Ijumaa. Simeon alifungua mbele yako, akanusa, akagusa hapa na pale, na kama hakuna tumaini alikwambia, "Mama, hii imekufa. Usipoteze pesa yako." Alisema kwa upole, kama daktari.

Basi watu waliviacha vilivyokufa palepale kwake, hasa baada ya mwaka ule televisheni za mgongo mkubwa zilipoanza kutupwa ili watu wanunue zile bapa. Mwanzoni Simeon alitoa vipuri vya kumfaa na mabaki akayatupa kama kila mtu. Halafu akahudhuria semina ya mafundi wa jua kali, ambako wageni wawili kutoka Nairobi waliwaeleza kwamba kile kioo kizito cha televisheni kina madini ya risasi ndani yake, kwamba nyaya zikichomwa ili shaba itoke, moshi wake unaingia kifuani na majivu yake yanaingia udongoni, na kwamba huko Nairobi kiko kiwanda kinachovipokea vitu hivyo, kikavipima na kuvivunja kwa utaratibu. Jioni hiyo Hulda alipakua ugali na sukuma wiki. Ile sukuma ilikuwa ya bustani za kando ya mto. Simeon aliitazama sahani yake kwa muda mrefu.

"Tumekuwa tukila televisheni," akasema.

Tangu hapo hakutupa tena hata betri ya saa. Alikodi chumba nyuma ya kibanda kiwe stoo, na kila aliyemwachia kifaa alimwambia maneno yaleyale: "Sitakichoma, sitakitupa. Kitafika kwa watu wanaojua kukivunja." Kisha akaandika jina la mwenyewe kwa rangi nyekundu. Hulda alimuuliza kwa nini ajisumbue na majina ya vitu visivyotakiwa na mtu. Alimjibu kwamba mtu akikuachia chake, hata kikiwa kimekufa, bado ni chake, wewe umepewa tu ukitunze.

Hapo ndipo Jackson alipoingia. Alikuwa mzee wa kanisa lao, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na nyumba kubwa Elgon View, lakini hakuwa na majivuno, na kila mtu alimpenda. Kanta yake, lori dogo la mizigo, ilienda Nairobi tupu na kurudi na bidhaa. "Fundi," akamwambia Simeon mbele ya mchungaji, "gari langu linabeba upepo kwenda. Wacha libebe kazi ya Mungu."

Kanisa likaipokea kazi hiyo. Mara tatu kwa mwaka ikatangazwa Jumapili ya Vifaa. Watu walikuja wamebeba redio, pasi, simu, tarakilishi za mgongo, vingine vimefungwa kwa leso kama watoto. Simeon aliandika majina, vijana wakapakia, kisha waumini wote wakaizunguka kanta, wakanyoosha mikono kuielekea, mchungaji akaombea mzigo na safari. Kwaya iliimba mpaka gari lilipokata kona. Wapita njia walidhani kuna mtu anaenda ng'ambo.

Wale wageni wa semina walikuwa wamesema kiwandani mzigo hupimwa na mleta hupewa karatasi yenye uzito na muhuri. Simeon aliiulizia karatasi hiyo mara mbili. Mara ya kwanza Jackson alisema imebaki ndani ya gari. Mara ya pili alimshika bega. "Fundi, mzigo huu umeombewa na kanisa zima. Sasa unatafuta karatasi ya nini?" Simeon alirudi nyumbani ameona haya, akamwambia Hulda kwamba amejiaibisha. Hulda alikubaliana naye. Kudai karatasi kwa kitu kilichokabidhiwa Mungu ilikuwa kama kumtafutia Mungu shahidi. Hawakuuliza tena, wala mtu mwingine hakuuliza, kwa miaka minane.

Kisha Simeon akaugua. Ilikuwa kansa ya koo. Kila Jumanne ilibidi apelekwe hospitali, na aliyempeleka ni Jackson, kwa gari lake mwenyewe, akamngoja hadi saa nane, akamrudisha. Hakuwahi kukosa hata siku moja. Hulda alikuwa akiliombea gari lile kwa jina. Mnamo Novemba Simeon alifariki, na siku ya mazishi Jackson alishika kamba ya jeneza huku machozi yakimdondoka kwenye tai. Hulda alimwambia Sharon, binti yao, "Tazama rafiki ya babako. Usimsahau huyo katika maombi."

Mwaka ukapita. Kanisa likapanga ibada ya ukumbusho, Jumamosi, pale nyumbani. Baada ya ibada, kanta ingebeba vifaa vilivyobaki stoo, kumi na tisa, ambavyo Hulda hakuwa na moyo wa kuvigusa tangu kifo. Tena lingezinduliwa sanduku kubwa la chuma la kuwekwa langoni mwa kanisa, watu waendelee kutumbukiza vifaa vyao, nalo lingeandikwa jina la Simeon Kiplimo. Hulda alilitamani jina hilo kuliko kitu chochote. Mtu wake hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha neno lake tu, na sasa lingeandikwa mahali pa kusomeka. Alikuwa ameamua hata kuitoa simu ya marehemu, iliyozimika miezi mingi, iwe kitu cha kwanza kwenye sanduku.

Jumanne ya wiki hiyo Nduta alibisha mlangoni. Nduta alikuwa jirani na muumini mwenzake, mwenye bustani ya nduma na sukuma kule chini mtoni. Viatu vyake vilikuwa na tope hadi kwenye vifundo.

"Mama Sharon, vaa gamubuti twende."

"Kuna nini?"

"Nimejipata mtoni."

"Umejipata vipi?"

"Jina langu liko kwa sukuma. Na mimi bado niko hai. Kuja uone."

Walishuka pamoja. Juu ya bustani ya Nduta palikuwa na kiwanja kilichozungushiwa mabati, ambacho watu walijua ni cha Jackson, alichokinunua ajenge nyumba za kupangisha. Mvua za wiki mbili zilikuwa zimebomoa ukingo, na kutoka chini ya mabati udongo ulikuwa umeporomoka hadi kwenye matuta ya mboga. Haukuwa udongo mtupu. Ulikuwa mweusi kama masizi ya jiko, umechanganyika na plastiki iliyoyeyuka, makasha ya simu na vipande vya vioo vizito, vingi, vikubwa kama vigae vya nyumba. Shingo za televisheni zilikuwa zimevunjwa mahali shaba inapozungushiwa, na shaba yenyewe haikuwepo.

Nduta akainua kipande. NDUTA, 2016. Rangi ilikuwa imefifia lakini inasomeka. Petroli haikuitoa, moto haukuimaliza, na mvua ya miaka ilikuwa imeiosha tu.

Hulda aliinama. MZEE TAN, kisha kimevunjika. WAHU SALUNI, 2018. Alisoma moja baada ya nyingine kama mtu anayeita majina ya watoto shuleni, naye aliwajua wote, aliketi nao kwenye viti vilevile kila Jumapili. Karibu na shina la nduma alikuta kipande kilichopinda, akakifuta kwa kiganja. HULDA WANGU, 2019.

Ilikuwa televisheni yao ya sebuleni. Hakujua kama Simeon aliiandika hivyo.

"Kaa chini, Mama Sharon," Nduta akasema. "Kaa hata kwa tope, hakuna shida."

Hakukaa. Alikifunga kipande kwa kitambaa cha kichwa, akakitia mkobani, akapanda hadi mjini kwa miguu.

Jackson alikuwa dukani, nyuma ya kaunta. Alipoona gamubuti zake alimvutia kiti na kumwagizia chai. Hulda alifungua kitambaa juu ya kaunta, katikati ya misumari na bawaba. Jackson alisoma lile jina. Akaenda akaurudisha mlango, akarudi akaketi.

"Mzigo wa kwanza ulifika," akasema. "Naapa ulifika. Lakini televisheni za mgongo nikarudi nazo, kile kiwanda hakichukui vioo vyake bure, lazima wewe ndiye uwalipe. Nikaona nitoe shaba, ininunulie mafuta ya gari, mabaki niyafukie mahali pangu. Nilifukia vizuri, Mama Sharon. Ni hii mvua."

"Miaka minane."

"Ndiyo."

"Tukiombea."

Jackson alisugua paji la uso. "Maombi hayakuwa mabaya."

"Na Simeon ulimdanganya mpaka akaingia kaburini."

Hulda akaona usoni mwa Jackson kitu asichokitarajia. Ilikuwa huruma.

"Simeon alijua," akasema. "Agosti ile kabla hajafa. Alikuja kiwanjani mwenyewe, sijui nani alimwambia. Alisimama kwa lango akatazama. Hakunitukana, hakusema chochote. Jumanne ikafika, nikaja kumchukua kwenda hospitali, akaingia kwa gari."

"Unamsingizia mtu asiyeweza kujibu."

"Kunywa chai yako. Mimi Jumamosi nitakuja na kanta kama tulivyopanga. Ukitaka kusema, sema. Lakini ukinianika mimi, unamwanika na yeye. Sidhani unataka hivyo, dada yangu."

Hulda alitoka bila kuonja chai. Moyoni alikuwa na hakika kwamba amesikia uongo, na alikwenda moja kwa moja stoo kuuthibitisha: kama mumewe hakujua, angekuwa ameandika majina mpaka mwisho. Alifungua kufuli iliyokuwa imeshika kutu. Vifaa kumi na tisa vilikuwa vimepangwa ukutani. Alivigeuza kimoja kimoja. Vinne vya kwanza vilikuwa na majina, cha mwisho kimeandikwa JULAI. Kumi na tano vilivyobaki havikuwa na kitu. Migongo mitupu.

Alijiambia ni mikono, mgonjwa alikuwa amechoka. Halafu akakumbuka kwamba Oktoba Simeon alijaza fomu ya Sharon ya chuo kwa mwandiko uleule ulionyooka. Kwenye rafu, nyuma ya waya za kulehemu, aliiona chupa ya rangi ya kucha aliyotumwa kuinunua mwishoni mwa Julai. Karatasi ya kiwandani bado ilikuwa imezingira kifuniko. Haikuwahi kufunguliwa.

Akaketi juu ya televisheni. Sasa mengine yalikuja yenyewe bila kuitwa. Tangu Agosti, Simeon aliacha kuketi kiti cha mbele cha gari la Jackson. Alisema jua linamuumiza macho, akaketi nyuma, na Hulda ndiye aliyeketi mbele, akipiga soga na Jackson njia nzima, akimshukuru, akimbariki. Simeon alikuwa nyuma yao akiwasikiliza. Jumanne kumi na tatu. Jioni walipiga magoti pamoja kando ya kitanda, wakaomba, naye Simeon akaitikia amina palipotajwa jina la Jackson.

Alikuwa ameacha kuandika majina ili yasije yakaonekana. Watu waliendelea kumletea vitu vyao, naye akaendelea kuwaambia kwamba vitafika.

Hulda alijaribu kuomba, lakini maneno yalikataa kupangika. Alichoweza kusema ni, "Bwana, huyu ulimchukua kabla hajaniambia." Alirudia hivyo hadi adhana ya jioni iliposikika kutoka mjini, akafunga mlango.

Jumamosi ilikuwa ya jua. Turubai lilifungwa uani, picha ya Simeon ikawekwa mezani kati ya maua na keki, na sanduku jipya likasimama kando limefunikwa kitambaa cheupe. Kanta ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Jackson alitoa ushuhuda wa rafiki yake, akasema hajawahi kuona mtu mwaminifu kama yule, na sauti yake ilikatika mahali panapofaa. Vijana wakapakia vifaa kumi na tisa. Mchungaji akawaomba waumini wainuke, wanyooshe mikono kuelekea gari.

Mikono yote ilinyooshwa isipokuwa ya Hulda.

"Mchungaji, kabla ya maombi," akasema, "naomba karatasi ya kiwanda. Hata moja tu, ya miaka yote."

Watu waligeuka. Jackson akatabasamu kwa upole. "Mama bado ana majonzi. Tumvumilie."

"Majonzi ninayo. Na hiki pia ninacho." Akaweka kipande cha kioo mezani, mbele ya picha. "Hii ni televisheni yangu. Mliiombea mwaka wa elfu mbili kumi na tisa. Ilitoka hapa ikaenda mpaka kwa kiwanja cha Elder Jackson, ikavunjwa, ikafukiwa. Yenu pia. Nduta ameyaona majina."

"Nimejiona mimi mwenyewe," Nduta akasema kutoka nyuma.

Mzee Tanui, aliyekuwa na miaka themanini, aliuweka mkono sikioni. "Na yangu?"

"Yako pia, Mzee. Nusu ya jina lako iko kwa sukuma."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Jackson alisimama mikono ikining'inia. Alimtazama Hulda kama mtu anayemkumbusha jambo, na Hulda alilikumbuka vizuri. Angeweza kuishia hapo. Watu wangemlaani Jackson, sanduku lingebaki na jina, na mtu wake angekaa safi milele.

"Mume wangu alijua," akasema. "Si tangu mwanzo. Miezi mitatu ya mwisho. Alijua, akanyamaza, kwa sababu alikuwa mgonjwa na tulihitaji gari. Hata mimi hakuniambia. Mliendelea kumletea vitu vyenu na akavipokea. Nawaomba msamaha kwa ajili yake, maana yeye hawezi kuuomba. Sasa naomba hivi vitu vishushwe. Na lile jina kwenye sanduku, mtalitoa."

Hakuna aliyesema amina. Mikono iliyokuwa imenyooshwa ilishuka mmoja mmoja. Sharon aliondoka akaingia ndani, na mlango ulisikika ukifungwa. Jackson alipanda kanta mwenyewe, akangoja vijana washushe kifaa cha mwisho, akaondoka. Kwaya ilitazama tu. Wengi waliaga bila kugusa keki, na baadhi yao hawakumpa Hulda mkono. Nduta tu ndiye aliyebaki kukunja turubai. Alisema anamjua dereva wa pikapu ambaye angewapeleka hadi kiwandani wenyewe, nao wangekaa pale mpaka wapewe karatasi, hata wakilipishwa vioo.

Mzee Tanui naye hakuondoka. Alivuta kiti karibu na vile vifaa, akaketi.

"Hii redio kubwa ilikuwa ya shemeji yangu," akasema. "Andika. Jina lake ni Ondiek."

Hulda aliichana karatasi ya kifuniko cha ile chupa, aliyokuwa ameichukua kule stoo. Rangi ilikuwa bado laini. Aliandika ONDIEK, akauliza kingine ni cha nani, na pale walipokumbuka aliandika, na pale walipokosa aliacha nafasi. Mwisho alitoa mfukoni simu ya marehemu, akaigeuza, akaandika SIMEON kwa herufi ndogo, maana mahali penyewe palikuwa padogo.

Palibaki nafasi ya neno moja zaidi, lile ambalo Simeon aliliongeza nyuma ya televisheni yao. Brashi ilikuwa mkononi na ilikuwa na rangi. Hulda alilifikiria neno hilo mpaka rangi ikaanza kukauka kwenye brashi, kisha akafunga chupa, akaiweka simu pamoja na vile vingine.